Kunguni wa kompyuta zetu atawajua nani?

Leo sina stori za bumu wala za foleni ya kantini. Leo nina ugomvi.

Kuna msemo umezagaa hapa kampasi, hasa kwetu sisi wa Ualimu: "Viraka vya mfumo endeshi? Waachie watu wa IT, sisi ni watumiaji tu." Nasema hapana! Huo ni uvivu bwana, tusiupambe.

Tuelewane kwanza. Kiraka ni badiliko dogo la kuziba kasoro ndani ya programu. Kule kwenye Linux, kabla toleo la marekebisho ya kerneli halijatoka, msimamizi wake Greg Kroah-Hartman huweka viraka hadharani na kutoa kama siku mbili ili watu wavijaribu kwenye mashine zao. Hakuna anayekuuliza cheti. Unajaribu, unasema ulichokiona, basi.

Mnasema tusubiri wataalamu wa mishahara? Haya. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho bovu la programu yake ya ulinzi. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zikaanguka, ndege zikakwama viwanjani. Hao walikuwa wanalipwa! Mshahara haukufanyi ujue mashine ambayo hujawahi kuigusa.

Sasa nije kwetu Dimani, Kibiti. Fikiria kompyuta kuukuu ya msaada, memori giga 1, sola inaisha chaji katikati ya kazi, intaneti ni bando la simu. Mhandisi wa California hana mashine kama hiyo mezani, na hata akiwa nayo umeme wake haukatiki hovyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jamani, kitanda hiki tunakilalia sisi! Tusipowataja kunguni, nani atawataja?

Na kukaa kimya kuna gharama. Debian, mfumo unaojengwa na watu wa kujitolea tangu 1993, ulitoa toleo la 13 Agosti 2025 bila kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Sisemi sisi ndio tungezuia. Nasema kuihudumia mashine ya zamani kunahitaji watu wa kuipima kila mara, na sisi tunaozihitaji zaidi hatukuonekana mlangoni. Asiyekuwepo na lake halipo.

"Lakini sijui kuprogramu." Nani kakuambia uprogramu? Mwanafunzi akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, mwalimu wa kweli haishii kuchora mkasi. Anaona kwamba mtoto kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kazi ya kutafuta kasoro ndiyo hiyo hiyo! "Haifanyi kazi" si taarifa, ni malalamiko. Taarifa inasema: mashine ni aina hii, toleo la zamani lilikuwa zima, hili jipya linaganda nikichomeka flashi, nimerudia mara tatu, majibu yale yale, na logi hii hapa. Hayo tunafundishwa darasani kila siku, tunayaacha kwenye madesa.

Na ukitaka kwenda mbali zaidi, tumia ujanja wa kugawa nusu. Kati ya toleo zima na toleo bovu kuna mabadiliko 1,000? Jaribu la katikati. Likiwa zima, ubaya uko nusu ya pili. Likiwa bovu, uko nusu ya kwanza. Majaribio kama 10 tu umemkamata mhalifu. Hiyo ni hesabu ya mtoto wa sekondari.

Kuna mwenzangu ananibishia: makampuni yanatajirika kwa Linux, iweje mimi nichome bando langu bure? Hoja ina uzito, siikatai. Kampuni inayouza programu yake ilipe wapimaji wake. Ila kiraka cha programu huria kikishapita ni cha wote, pamoja na shule isiyo na hela ya leseni. Hapo bando langu limekwenda kwetu.

Na tusisahau historia. Mwaka 2004 pale Mlimani mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Maana yake Mtanzania kukaa upande wa watengenezaji si jambo geni. Ugeni ni huu wetu wa kukaa tu tunasubiri.

Tahadhari moja: usijaribu kiraka kwenye mashine yenye ripoti yako ya utafiti, wala kwenye kompyuta yenye matokeo ya wanafunzi wa watu. Tafuta kuukuu isiyo na kitu, nakili mafaili yako kwanza, ndio uanze.

Mwakani wengi wetu tutapangiwa shule. Wengine tutavuka kwa boti kwenda vijiji vya delta, tukute kompyuta tatu zimefunikwa kitambaa kwa sababu "zilisasishwa zikafa". Wanafunzi watatuangalia sisi. Tutawajibu "waiteni watu wa IT"? Wako wapi?

Naomba kutoa hoja. Mwenye kubisha aje na mashine yake!