Kashata Kubwa Si Kinga ya Bodaboda Anayeanza

Aliyemshauri bodaboda anayeanza kazi Kakese, nje ya Mpanda mjini, afunge matairi ya kashata kubwa mbele na nyuma ameona nusu ya safari tu. Kashata ndefu zilizoachana huchimba tope la njia za majaruba, hilo halina ubishi. Lakini abiria wengi huelekea Mpanda mjini, na juu ya lami kashata hizo hugusa barabara kwa vichwa vyake tu, tena huyumba pikipiki inapolala kwenye kona. Breki ikikamatwa, uzito hukimbilia mbele, na tairi la mbele likikosa mshiko, asiye na uzoefu hana muda wa kujirekebisha. Kashata za wastani, zilizokaribiana, zinamfaa zaidi.

Watasema tope ndilo linaloangusha. Kweli, ila kwenye tope mtu hujikongoja kwa kilomita 20 kwa saa. Kwenye lami hufika 60, na mwendo ukiongezeka mara 3, nishati yake huongezeka mara 9. Watasema pia tairi gumu la bei nafuu hudumu, na hesabu ya bosi haisubiri. Lakini mpira mgumu huteleza kwenye lami iliyolowa, na siku moja ya kuanguka humeza akiba yote hiyo. Na kwa kuwa mpira huzidi kuwa mgumu ukizeeka, basi asome tarakimu 4 za tarehe ya kutengenezwa ubavuni mwa tairi: 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Kisha apime upepo tairi likiwa baridi. Hayo yana uzito zaidi kuliko urefu wa kashata.