Washington: Mpangaji ana haki ya kununua jengo, lakini nani amlipe anayemfundisha?

Kwenye mtaa wa Shaw, mwendo wa dakika chache kwa treni kutoka Ikulu ya Marekani, mpangaji ana haki ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia. Mwenye jengo akitaka kuuza, sheria ya jiji inamlazimisha awape wapangaji nafasi ya kununua kabla hajamuuzia mtu wa nje. Sheria hiyo, TOPA kwa kifupi, ipo tangu mwaka 1980. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na muungano wa mashirika ya nyumba ya jiji hilo ulihesabu zaidi ya nyumba 16,000 za bei nafuu zilizookolewa kwa njia hii kati ya 2006 na 2020.

Sasa hebu tuulize swali ambalo halipewi nafasi kubwa kwenye habari. Mama wa miaka 60 anayesafisha hoteli usiku, akipata barua ya kisheria ya kurasa kadhaa, nani anamwambia ina maana gani? Jibu ni kwamba yupo mtu, na mtu huyo analipwa mshahara kwa ruzuku. Na tangu mwanzo wa 2025 ruzuku za aina hiyo ziko mashakani. Jambo hili linatuhusu, maana jamaa zetu wengi waliotoka Zanzibar, Mombasa na Maskati kwenda kusoma au kufanya kazi upande ule wanaishi kwenye nyumba za kupanga.

Siku 45 ni chache mno

Kwa utaratibu uliozoeleka, jengo lenye fleti tano au zaidi likitangazwa kuuzwa, wapangaji hupewa siku 45 kuunda chama, kukisajili na kuandika kwamba wanataka kununua. Baada ya hapo wanapata siku 120 za kujadiliana bei, kisha muda wa kutafuta mkopo. Ndani ya siku hizo 45 watu ambao pengine hawajasalimiana kwenye lifti kwa miaka kumi wanatakiwa wawe na mwenyekiti, katiba na wakili. Siku zikipita, haki imepotea.

Ndiyo maana Idara ya Nyumba ya jiji hutoa ruzuku kwa mashirika ya mitaani: yafike jengoni, yagonge mlango kwa mlango, yaitishe kikao, yaeleze barua kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Serikali kuu nayo, kupitia wizara yake ya nyumba (HUD), hulipia ushauri wa nyumba chini ya sheria ya mwaka 1968.

Mfano wa faida yake upo kusini kidogo ya Shaw, kwenye jengo la Museum Square lenye fleti 302, ambalo wakaazi wake wengi wakati ule walikuwa wazee wa Kichina. Mwaka 2014 wapangaji waliletewa bei ya dola milioni 250 kama wanataka kulinunua. Gawanya mwenyewe: ni kama dola 828,000 kwa kila fleti. Walisimama pamoja, wakapata mawakili na wakalimani, na mwaka 2015 jaji akaamua kwamba ile haikuwa bei ya dhati. Wale wazee wasingejua kwamba bei inaweza kupingwa mahakamani, barua ile ingekuwa ndiyo mwisho wa habari.

Shaw inaijua pesa ya ruzuku tangu zamani

Jambo hili si geni pale. Mwaka 1966 Mchungaji Walter Fauntroy wa kanisa la New Bethel Baptist aliunda jumuiya iliyoitwa MICCO, ili watu weusi wa Shaw wapange wenyewe mtaa wao utakavyojengwa upya badala ya kubomolewa kama ilivyofanyika Kusini Magharibi ya jiji. Serikali kuu ikawapa kiasi cha dola milioni 1.8. Martin Luther King mwenyewe alifika Shaw Machi 1967 akaandamana nao kuwahimiza watu washiriki.

Aprili 4, 1968 King aliuawa, na barabara ya 7 ikaungua. Siku saba baadaye Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba. Kazi ya kuijenga Shaw ikawa kubwa kuliko ilivyotarajiwa, na mapema miaka ya 1970 pesa ya serikali ikakatika. MICCO ikafifia.

Kilichobaki ni kile kilichokuwa na mizizi nje ya ruzuku. Kwenye kona ya barabara ya 7 na R lipo jengo la Lincoln Westmoreland, lililojengwa 1972 kwa ushirikiano wa makanisa mawili, moja la weusi na moja la weupe. Hata hilo lilihitaji mkono wa serikali, lakini waliolisimamia walikuwepo kabla ya ruzuku na walibaki baada yake.

Halafu kikaja kipindi cha bei kupanda. Stesheni ya treni ilifunguliwa Shaw mwaka 1991, na ukumbi mkubwa wa mikutano mwaka 2003. Kila kitu kizuri kilichokuja kiliongeza kodi. Leo ukitembea barabara ya 9 na U utakula injera kwa Wahabeshi, lakini familia nyingi za zamani zimeshahama.

Kufundisha sawa, kudai hapana?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mfadhili anapenda neno "elimu". Neno "utetezi" linamtia wasiwasi. Pesa ya ruzuku ya serikali kuu hairuhusiwi kutumika kushawishi wabunge, na shirika la hisani lisilolipa kodi lina mipaka yake katika siasa. Basi unaweza kulipwa kumfundisha mpangaji kwamba ana haki, lakini siku haki hiyo inapotaka kupunguzwa bungeni, pesa ile ile haikuruhusu kwenda kumshawishi mbunge.

Shaw imeonesha njia mbili. Shirika la Manna, lililoanzishwa 1982, lilichagua kujenga nyumba na kuwafundisha watu wanaonunua kwa mara ya kwanza. Ndani yake likazaliwa tawi la kuhamasisha wakaazi, ambalo mwaka 2006 lilijitegemea kwa jina la ONE DC. Hao wa pili, Julai 2010, walipiga mahema kwenye kiwanja kitupu cha jiji, wakidai ahadi ya nyumba za bei nafuu itimizwe. Kazi ya namna hiyo si rahisi kuilipia kwa ruzuku ya jiji lile lile unalolidai.

Na upande wa pili una hoja, tusiupuuze. Wenye nyumba wanalalamika kwamba TOPA inachelewesha mauzo kwa miezi, na kwamba kulikuwa na watu waliogeuza haki hiyo biashara, wakidai walipwe ndiyo waachie njia. Malalamiko hayo yalisikilizwa: mwaka 2018 jiji liliondoa nyumba za familia moja kwenye sheria, na mwaka 2025 baraza la jiji likapitisha mabadiliko mengine yanayoyaweka nje majengo mapya. Mlipa kodi naye ana haki ya kuuliza kwa nini pesa yake imlipe mtu wa kumshitaki.

Lakini tazama kilichotokea 2025. Februari 27, HUD ilituma barua za kufuta ruzuku 78 za mashirika 66 yanayopambana na ubaguzi wa nyumba nchi nzima, jumla ya dola milioni 30 hivi. Sababu iliyotolewa: haziendani tena na malengo ya wizara. Mashirika manne yalikwenda mahakamani Massachusetts, na mwezi wa Machi jaji akaamuru pesa zirudi. Mwezi wa Aprili, Mahakama ya Juu ikaashiria katika kesi nyingine kwamba migogoro ya ruzuku ina mahakama yake maalumu, na jaji yule yule akaiondoa amri yake. Sheria ya 1968 haikuguswa hata herufi moja. Walioguswa ni wanaoieleza kwa watu, na matokeo kwa mpangaji yanakaribia kuwa yale yale.

Sisi tuna neno: wakfu

Wazee wetu walilifahamu tatizo hili. Jambo unalotaka lidumu huliachii hisani ya mtu ya mwaka huu. Unaliwekea mali isiyouzwa, pato lake ndilo liendeshe kazi. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejaa nyumba za wakfu, na Kamisheni ya kuzisimamia ina historia inayoanzia 1905. Hata hivyo tusijisifu sana. Nyumba nyingi za wakfu zilitozwa kodi ndogo mno kiasi kwamba haikutosha kuzitengeneza, na nyingine zimeanguka wapangaji wakiwamo. Wakfu bila usimamizi mzuri nao una mwisho.

Pamoja na hayo, fikra yenyewe ndiyo inayokosekana Shaw. Shirika linaloishi kwa ruzuku peke yake linakuwa mpangaji, tena mpangaji asiye na mkataba wa muda mrefu. Ada za wanachama, msaada wa kanisa au msikiti, hata duka moja linalokodishwa kwa ajili ya mshahara wa mshauri mmoja: pesa ni ndogo, lakini haifutwi kwa barua ya siku moja.

Kwa jamaa walioko Washington, mambo matatu ya kushika. Kwanza, barua yoyote ya mwenye nyumba iandikwe tarehe iliyofika, isitupwe, kwa sababu siku zinahesabiwa. Pili, washauri wa nyumba wanaotambuliwa na HUD hutoa ushauri bure au kwa ada ndogo, basi waulizwe mapema, wangali wapo. Tatu, sheria ya lugha ya jiji ya mwaka 2004 inazitaka ofisi za serikali zitafute mkalimani kwa asiyejua Kiingereza. Usione haya kumwomba, awe wa Kiarabu au wa Kiswahili.

Na wewe uliye Maskati au Dubai unayemtumia kijana pesa za kodi kila mwezi, mpigie leo umuulize kama anajua jengo lake ni la nani, na kama kuna chama cha wapangaji. Kama hakuna, mwambie aanze na jirani wa mlango wa pili.