Mfalme Mwangalifu na Amana ya Wajane



Wapendwa katika Kristo, juma hili tunawaalika kumtafakari mfalme ambaye wengi wetu humpita haraka tusomapo sura ya tatu ya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo. Ndiye Seleuko wa Nne, aliyetawala Siria tangu mwaka 187 hadi 175 kabla ya Kristo.

Ufalme alioupokea ulikuwa umejeruhiwa. Baba yake, Antioko Mkuu, alishindwa na Waroma huko Magnesia, na kwa mkataba wa Apamea wa mwaka 188 alinyang'anywa nchi zake za Asia Ndogo ng'ambo ya milima ya Tauro pamoja na tembo wake wa vita. Zaidi ya hayo alitozwa fidia ya talanta 15,000 za fedha, na katika hizo 12,000 zilipaswa kulipwa kidogo kidogo, 1,000 kila mwaka kwa miaka 12. Deni hilo likamwangukia mwana.

Mwandishi wa kale Appian alimwona Seleuko kuwa mfalme dhaifu. Sisi hatupendi kumhukumu upesi hivyo. Alipotaka kumsaidia mfalme wa Ponto vitani, alirudi kabla ya kuvuka Tauro, asije akavunja mkataba. Tena alikuwa akigharimia sadaka za Hekalu la Yerusalemu kwa mapato yake mwenyewe. Uangalifu si dhambi. Kanisa huihesabu busara kuwa ya kwanza kati ya fadhila kuu nne.

Lakini Simoni, msimamizi wa Hekalu, aligombana na kuhani mkuu Onia, akapeleka habari kwamba hazina imejaa mali. Mfalme akamtuma Heliodoro, ambaye alisafiri kwa kisingizio cha kukagua miji. Onia akamweleza kwamba humo mna talanta 400 za fedha na 200 za dhahabu, na kwamba sehemu yake ni amana ya wajane na yatima. Heliodoro hakujali, hata Mungu alipomwangusha chini, akatolewa nje akiwa amebebwa. Akaokolewa kwa sadaka ya Onia. Naye mfalme, baada ya kusikia yote, akauliza ni nani mwingine afaaye kutumwa tena!

Hapo ndipo tunapoona kasoro yake. Aliheshimu mkataba kwa sababu Roma ilikuwa na majeshi. Hakuiheshimu amana kwa sababu mjane hakuwa na jeshi. Waswahili husema mnyonge hana haki. Onia alisimama kushuhudia kwamba anayo. Busara inayomwogopa mwenye nguvu tu si fadhila, ni hesabu ya woga. Wala haikumwokoa Seleuko: mwaka 175 aliuawa kwa hila ya Heliodoro yuleyule.

Wapendwa, madeni hutubana sote: wazazi, watunza hazina wa jumuiya, nasi mapadre. Mkopeshaji anapobisha hodi, mkono huelekea kwenye fedha ambayo mwenyewe hana sauti, kama karo ya yatima tuliyekabidhiwa au akiba ya bibi mzee. Twajiambia kwamba tutarudisha. Tujiulize basi mbele za Mungu: je, tungeigusa kama mwenyewe angekuwa mtu wa kuogopwa?