Maji Hayana Kosa

Kila masika yakizidi nasikia wimbo ule ule: mafuriko yameua ardhi. Mimi siukubali, hata kama nitawachukiza wenzangu.

Nilirithi mashamba mawili yaliyopakana kando ya kijito kimoja. Moja nililima sesa mwaka hadi mwaka, na baada ya mavuno nikachoma mabua ili lionekane safi. Nilisifiwa kwa bidii. Jingine uvivu wangu uliliachia majani na miti, nikachekwa. Kijito kilipofurika, maji yaliyapitia yote mawili siku moja. Shamba la sifa lilipoteza udongo wake wa juu, likabaki na ukoko mgumu na korongo la kunifika kiunoni. Shamba la kicheko liliyanywa maji, likaachiwa tope laini juu ya majani. Maji yale yale! Nani basi aliyeua ardhi?

Udongo ni kama nyumba yenye vyumba vingi. Mizizi na nyungunyungu hutoboa milango. Majani yaliyooza hushikamanisha kuta. Tukichoma mabua tunadhoofisha kuta. Tukipitisha trekta udongo ungali chepechepe, au tukijaza ng'ombe kupita kiasi malishoni, tunaziba milango. Maji yakikosa pa kuingia hukimbia, na yakikimbia hayaondoki mikono mitupu. Pale yanaposimama, huifukuza hewa udongoni. Mahindi hukosa pumzi mizizini na kufa kwa siku chache, na sehemu ya naitrojeni hupotelea hewani. Lakini mpunga, unaopitisha hewa kutoka majani hadi mizizi, hustawi humo humo. Kwa hiyo hata swali la "mafuriko yanafanya nini" halina jibu mpaka tuseme pamepandwa nini.

Warufiji walilijua hilo zamani. Mto unapopungua, hupanda kwenye unyevu ulioachwa bondeni. Kilimo hicho hukiita mlau. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia kwenye vijiji vya nyanda za juu, kwa nia njema. Wengi waliendelea kurudi bondeni kulima. Wakubwa wakaita ukaidi. Ukaidi gani, ndugu msomaji, ikiwa rutuba yenyewe ililetwa na mto, na huko juu udongo ni mchanga mtupu?

Sisemi mafuriko ni sherehe. Tope lililoshuka Mlima Hanang Desemba 2023 liliua watu zaidi ya 80, na hakuna hoja ya kilimo inayofuta msiba huo. Nasema tu kwamba mvua hatuiamrishi, bali jembe, kiberiti na mifugo tunaviamrisha sisi wenyewe.

Shamba langu la sifa sasa lina majani ya matandazo na miti kingoni. Haliko safi. Wapita njia huniuliza kama nimezeeka. Huwajibu: hapana, nimeacha kumsingizia mto.