Mashauri ya Nyumbani: Mali Ikiharibika Mapema

Katika maduka mengi ya miji yetu utaona tangazo limebandikwa ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Mtu wa shamba akilisoma hujiona hana tena la kusema. Kitu alichonunua kikifa baada ya mwezi, husema, "Bahati yangu mbaya," akakisukuma chini ya kitanda. Leo twataka kukuonyesha kwamba si lazima iwe hivyo.

Tutoe mfano. Tuseme kijana wa Malolo, wilaya ya Kilosa, ameuza vitunguu vyake kwa bei nzuri. Hakuzitapanya fedha. Amekwenda Morogoro, akanunua kompyuta mpya na mashine ya kuchapa, akafungua kibanda cha kuandika barua na kutoa nakala. Walimu wamletea mitihani, na kikundi cha wakulima wa mfereji chamletea hesabu zake. Mwezi wa nne kompyuta yaanza kugonga-gonga ndani, kisha yakataa kuwaka. Kilichokufa ni diski, yaani kile kisanduku kinachotunza maandishi yote. Fedha za msimu mzima zimo hatarini. Afanyeje?

Kwanza, asikubali fundi yeyote aifungue diski yenyewe kwa bisibisi. Diski imefungwa kiwandani, na ina karatasi ndogo ya kuziba. Karatasi hiyo ikichanika, dhamana, ambayo wenye maduka huiita waranti, imekwisha. Afadhali ahakikishe kwanza kwamba diski ndiyo mbovu kweli. Fundi mwaminifu aweza kubadili waya wake, au kuijaribu katika kompyuta nyingine. Mara nyingine waya wa shilingi chache ndio mkosaji, na safari nzima ingekuwa ya bure.

Pili, ajue ni nani anayedaiwa. Hapa wengi hupotea njia. Mwenye duka humwambia mteja, "Waandikie wenye kiwanda," na kiwanda kiko ng'ambo ya bahari. Lakini fedha alipokea nani? Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, yataka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kuuzwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo yamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani, ijulikanayo kama FCC, hupokea malalamiko yake. Basi anza na aliyekuuzia, kwa maneno ya heshima. Tangazo la ukutani halifanyi kitu kibovu kuwa kizima.

Lakini sheria hiyohiyo humtaka mnunuzi naye awe macho. Kasoro ambayo ungeiona ulipokikagua kitu dukani, ni vigumu kuilalamikia baadaye. Kwa hiyo jaribu kitu papo hapo, kabla ya kulipa. Tena, mtu akikaa na kitu kibovu muda mrefu bila kusema neno, huhesabiwa amekipokea hivyo kilivyo. Usingoje mpaka mavuno yajayo. Siku uliyoiona kasoro ndiyo siku ya kupiga simu.

Ahadi ya mwenye kiwanda ni jambo jingine, nayo yasimama kando ya wajibu wa muuzaji. Juu ya kila diski imechapwa namba yake ya pekee. Viwanda vikubwa, kama Seagate na Western Digital, huweza kukuambia kwa namba hiyo kama dhamana bado i hai. Wao hutoa kwanza namba ya kibali cha kurudisha, ndipo upeleke kitu. Angalia pia: diski iliyokuja ndani ya kompyuta kutoka kiwandani, mara nyingi dhamana yake iko kwa mtengenezaji wa kompyuta, si kwa mtengenezaji wa diski. Na kompyuta ya mtumba iliyotoka Ulaya huenda dhamana yake imekwisha zamani, au haifanyi kazi nchini mwetu. Uliza kabla ya kununua.

Safari ya Malolo mpaka Morogoro na kurudi ni nauli, ni chakula, na ni siku ya shamba iliyolala. Basi piga simu kwanza, uulize kama fundi wa duka yupo, na kama watakipokea. Ukienda, funga kitu vizuri katika boksi lake la kwanza, au kwa sponji nene, kwa maana diski iliyogongwa ndani ya basi yaweza kukataliwa. Ukiikabidhi, usiondoke mikono mitupu. Omba hati yenye tarehe, namba ya kitu, kasoro yake, na jina la aliyepokea. Risiti yenyewe baki nayo, wape nakala.

Tena jambo chungu: diski mpya itakuja tupu. Kiwanda hubadili chombo, hakirudishi maandishi yaliyokuwamo. Hesabu za wakulima na mitihani ya walimu haimo katika dhamana yoyote. Anayefanya kazi ya watu kwa kompyuta yambidi aweke nakala pengine kila juma. Na ajue kwamba diski ya kubadilishiwa yaweza kuwa iliyotengenezwa upya, na mara nyingi hurithi siku zilizobaki za ile ya kwanza.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti za mashine, zilizoanza kutumika nchini mwetu mwaka 2010, huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalum. Joto hilohilo huziharibu. Ukiichomeka risiti kwenye bati, au ukiiacha juani, miezi michache tu huenda isisomeke tena. Itolee nakala wiki ileile, au ipige picha kwa simu, kisha uiweke pamoja na kadi ya dhamana mahali pa giza pasipo joto. Mama wa nyumba ajue ilipo, si baba peke yake.

Mwisho, tuseme kweli pande zote mbili. Dhamana yahusu kosa la kiwandani. Haihusu kompyuta iliyomwagiwa chai, wala iliyoanguka mezani, wala ya Marekani yenye swichi iliyoachwa kwenye volti 115 hali umeme wetu ni volti 230. Anayeficha hayo na kudai chombo kipya anamwibia muuzaji, naye anawaharibia jina wateja wanaokuja nyuma yake. Lakini wewe uliyekitunza kitu chako, na karatasi zako zimo mkononi, usione haya kurudi dukani. Huendi kuomba msaada. Ahadi uliinunua pamoja na kitu, na bei yake umekwisha kuilipa.