MANENO YANAYOPIMA SHULE ZETU



Naomba nafasi katika gazeti la chama chetu nipate kusema neno juu ya maneno. Wenzangu watanicheka kwamba karani hana kazi ila kupekua kamusi. Walakini maneno nitakayoyataja si ya kuchezea, maana kwa hayo shule za watoto wetu hupewa au hunyimwa walimu, vitabu na fedha. Na mwenye kuyaandika mara nyingi si mkubwa wa idara. Mkubwa hutia sahihi. Maneno ni yetu sisi makarani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi, niliagizwa kuandika barua kwa kamati ya kijiji kimoja kilicho mbali na mji wa Mpanda, kando ya msitu. Wanakijiji walikuwa wamefyatua matofali na kuyachoma, wakajenga vyumba viwili vya madarasa, wakaviezeka kwa mabati waliyochangishana baada ya mavuno. Barua ilipaswa kuwaarifu kwamba habari za majengo yao zimepokewa, na kwamba watoto wa madarasa ya chini waruhusiwa kusoma pale chini ya shule mama. Mimi, nikitafuta neno la heshima, niliandika kwamba shule yao “imetambuliwa”. Nililiona kuwa neno zuri.

Wao waliliamini kama lilivyoandikwa. Walifanya karamu. Kisha wakaacha kuchangishana kwa ajili ya vyoo na nyumba ya mwalimu, wakisema shule sasa ni ya Serikali, na Serikali itamaliza. Miaka ikapita. Watoto walipokaribia Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, wakaambiwa waende kwa miguu mpaka shule mama, maana shule yao haina namba. Mzee mmoja wa kamati akaja ofisini na barua ile ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimwamkia, akaitikia, akaiweka mezani.

“Mwanangu, barua hii iliandikwa hapa?”

“Ndiyo, mzee wangu.”

“Basi nionyeshe mahali iliposema bado.”

Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku ile nimejizoeza kuyapanga maneno haya kwa daraja zake, nami nawaletea wenzangu, kila mtu ayapime.

Neno la kwanza ni kibali. Kibali ni ruhusa ya kuanza, wala si sifa ya kazi iliyokwisha. Anayepewa kibali cha kujenga shule hajapewa shule, kama vile aliyepewa kiwanja hajapewa nyumba. Kamati nyingi huhifadhi barua ya kibali kama hati ya mwisho, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni ya kwanza.

La pili ni shule shikizi. Neno hili lina hekima kuliko tunavyodhani. Fundi cherehani hushikiza nguo kwa nyuzi za muda kabla hajaishona. Nyuzi hizo husaidia vipande visiachane, lakini hakuna avaaye nguo iliyoshikizwa akaenda nayo shamba. Ndivyo ilivyo shule shikizi: imeshikizwa kwa shule mama, na watoto wake huandikwa katika rejista ya mama. Ni jambo jema, maana humpunguzia mtoto mdogo safari ya porini. Hatari ni kusahau kushona.

Katika mkoa wetu jambo hili ni kubwa. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Maana yake, katika miaka kumi tumekuwa zaidi ya mara mbili. Wakulima na wafugaji wamehamia kutoka mikoa mingine, na vitongoji vimeota mahali palipokuwa pori tupu. Tena tangu Januari 2016 elimumsingi hutolewa bila ada, na watoto waliokuwa wakibaki nyumbani wakaja shuleni. Serikali haikulala: katika fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilizotolewa mwaka 2021, vilipangwa vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, na 3,000 kati ya hivyo vilikuwa vya shule shikizi. Lakini watoto wa Mlele, Mpimbwe, Nsimbo, Tanganyika na Mpanda wenyewe huzaliwa kila siku, na nyuzi za muda zimekuwa nyingi.

Neno la tatu ni usajili. Hapa ndipo shule ishonwapo. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, shule husajiliwa na Kamishna wa Elimu, nayo hupata namba yake. Ruzuku ya uendeshaji hupelekwa kwa jina la shule iliyosajiliwa. Walakini yatupasa kujua usajili husema nini na hausemi nini. Husema kwamba siku ile ilipotazamwa, shule ilikuwa na masharti ya kutosha kuitwa shule. Hausemi kwamba miaka ishirini baadaye bado inayo. Mtu aliyeandikishwa kanisani siku ya ubatizo hakuandikishwa kuwa mtakatifu.

Habari hii si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1925 Gavana Cameron alikutanisha Serikali na wamisheni mjini Dar es Salaam, na sheria ya elimu ikafuata mwaka 1927. Shule za misheni zilizofikia kipimo cha Serikali zikapewa msaada wa fedha. Zile za makatekista vijijini, zilizofundisha kusoma na dini chini ya paa la nyasi, zikabaki nje ya msaada. Kwetu Karema, ambako Mapadre Weupe waliingia mwaka 1885, elimu ilianza zamani kabla ya kipimo chochote cha Serikali. Basi tangu enzi za babu zetu neno moja katika kitabu cha Serikali lilitenga shule yenye msaada na shule isiyo na msaada. Wakati ule neno lilikuwa la Kiingereza, na mzazi alikuwa na udhuru wa kutolielewa. Leo ni la Kiswahili; udhuru huo umehamia kwetu sisi tunaoliandika.

Neno la nne ni ikama. Watumishi wenzangu twalijua vema, maana hata ofisi zetu zina ikama. Ikama ni hesabu ya watumishi wanaotakiwa, si ya waliopo. Kipimo kijulikanacho kwa shule za msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Basi shule ya watoto 450 yataka walimu 10. Taarifa ikisema “ikama ya shule ni walimu 10”, mzazi huondoka akifurahi kwamba wapo 10, kumbe pengine wapo 4. Vivyo hivyo neno uwiano. Chukua mfano wa shule mbili zenye watoto 450 kila moja, ya mjini ina walimu 16 na ya msituni ina 4. Ukizichanganya utapata walimu 20 kwa watoto 900, yaani uwiano wa 1 kwa 45 barabara, na karatasi itang’aa. Lakini mtoto wa msituni hafundishwi na uwiano. Hufundishwa na mwalimu, naye ana wenzake zaidi ya mia. Na vyoo ni hivyo hivyo: kipimo ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Ukiandika “matundu 12” bila kusema mangapi ni ya wasichana, umeficha jambo ambalo msichana wa darasa la saba alijua tangu asubuhi.

Sasa nafika kwenye herufi moja inayonisumbua kuliko zote. Zamani walikuwako Wakaguzi wa Shule. Kazi yao ikabadilishwa jina, na Wizara ya Elimu huiita Uthibiti Ubora wa Shule, kwa th. Lakini katika barua nyingi, na hata magazetini, twasoma udhibiti ubora, kwa dh. Wengi hudhani ni kosa dogo la kupiga chapa. Si dogo. Uthibiti ni wa ukoo wa thabiti na thibitisha: ni kuhakikisha kwamba jambo ni imara, na kulisaidia lisimame. Kudhibiti ni ukoo mwingine: ni kushika kwa nguvu kitu kisiponyoke, kama polisi adhibitivyo fujo. Mwalimu akisikia kwamba mdhibiti anakuja, hufagia uwanja na kuficha upungufu wake. Akisikia kwamba anakuja mthibiti, aliye na kazi ya kutazama ufundishaji, uongozi, mazingira ya shule na ushirika wa wazazi, kisha kushauri, huenda akamwonyesha darasa linalovuja. Kwa herufi moja twaweza kumfanya mgeni kuwa askari au kuwa tabibu.

La mwisho ni ithibati, ndugu wa damu wa uthibiti. Neno hili twalisikia zaidi vyuoni. Tume ya Vyuo Vikuu na Baraza la Elimu ya Ufundi hulitumia kwa vyuo, na hata waandishi wa habari wamewekewa Bodi ya Ithibati kwa sheria ya mwaka 2016. Tofauti yake na usajili ni hii: usajili huuliza, “Je, mwaweza kuanza?” Ithibati huuliza, “Je, mngali mnastahili?” Nayo huwa na muda, ukiisha, swali huulizwa upya. Shule za msingi na za sekondari za umma tumezizoeza swali la kwanza tu. Wathibiti huzitembelea na kuandika taarifa, ndiyo, lakini mzazi akiuliza shule ya mwanawe imesimama wapi, huonyeshwa namba ya usajili ya tangu enzi za baba yake.

Rai yangu basi ni kwamba shule ya umma nayo iulizwe swali la pili kwa muda maalumu, na jibu lake lisomwe mbele ya mkutano wa kijiji kwa Kiswahili chepesi.

Najua jibu la wakubwa wengine, wala silidharau. Watasema: shule ikishindwa, tutaifunga? Watoto wa msituni waende wapi, na shule ya pili iko kilomita kumi na tano? Ni swali la haki. Shule ya mtu binafsi yaweza kufungwa, watoto wakahamia nyingine. Shule pekee ya kijiji haifungiki. Lakini jibu hilo ladhani kwamba kipimo ni fimbo tu. Mganga apimaye joto la mtoto hampimi ili amfukuze hospitali. Shule ya umma ikionekana imepungukiwa, adhabu isiwe ya watoto. Iwe deni la mmiliki wake, ambaye ni halmashauri, lililoandikwa kwa hesabu na tarehe: walimu 6, matundu 8, nyumba 2, ifikapo mwaka fulani. Kipimo kisichompa mwenye shule deni lolote ni mapambo ya faili.

Hayo ya sheria ni ya wakubwa, nasi twaweza kuyaomba tu. Yaliyo mikononi mwetu ni haya matatu. Kwanza, kila barua iendayo kwa kamati ya shule iseme wazi ni daraja gani: kibali, shikizi au usajili, na baada ya kusema kilichopatikana, iseme kilichobaki. Pili, tuache maneno ya adabu yasiyo na daraja, kama kutambuliwa, kupokelewa na kuzingatiwa. Ni matamu midomoni, lakini hayana namba. Tatu, chama chetu kitoe karatasi moja ya maneno haya na maana zake, ibandikwe katika kila ofisi ya kata, ili karani wa Inyonga na karani wa Ikola waandike neno moja kwa maana moja.

Kijiji kile nilichokitaja wamerudi kuchangishana. Niliwaandikia barua nyingine kwa idhini ya mkubwa wangu, na safari hii niliweka mistari miwili tu: mlicho nacho, na mliyobakiza. Mzee yule aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akaitia katika mfuko ule ule wa nailoni. Hakunishukuru. Alisema tu, “Hii ndiyo ingekuja kwanza.”

Nami nasema vivyo hivyo.

Wenu katika utumishi,
KARANI, Mpanda.