Kwinini na miguu inayokaza usiku

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu kwinini imeeleza vizuri, ila umeisahau milima yetu. Kwinini, ambayo baadhi ya wazee huimeza miguu inapokaza usiku, hutoka kwenye magome ya mti uliolimwa Amani, Usambara ya Mashariki, Wajerumani walikoanzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902. Meli za Waingereza zilipowafungia bahari wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Wajerumani yalitegemea magome hayo dhidi ya malaria.

Sasa chukua mzee wa Lushoto aliyeshinda kwenye matuta ya viazi, kisha miguu ikamkaza usiku. Akimeza kidonge cha kwinini, utumbo mwembamba hufyonza karibu asilimia 80 ya dawa, na ndani ya saa 1 hadi 3 hufikia kilele kwenye damu. Kazi kubwa ya kuivunja hufanywa na ini. Takriban moja ya tano tu hutoka na mkojo ikiwa vilevile. Kijana mwenye afya hubakiwa na nusu baada ya saa 11 hivi. Mzee huhitaji muda mrefu zaidi, pengine saa 18, kwa hiyo kidonge cha leo kinakikuta cha jana. Masikio huanza kuvuma (wengine husingizia uzee), mapigo ya moyo huweza kuvurugika, na chembe za kugandisha damu hushuka ghafla kwa wachache. Ndiyo maana mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya isitumiwe kwa misuli inayokaza. Onyo hilo lilistahili aya yake kwenye makala yako.